Mbuni Aliyeionea Haya Miguu Yake

Paukwa!

Pakawa!

Homa kaondoka, kaacha miguu haina nguvu. Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale palikuwa na Mbuni, mkimbiaji wa kuwashinda wote nyikani. Desturi ya mbuni ni hii: mchana mke huatamia mayai, usiku mume. Na fisi akinyemelea, baba ndiye hujitokeza, akakimbia. Fisi humfuata yeye, kiota kikasalimika.

Mwaka huo mayai yalikuwa kumi na mawili. Homa ikamlaza Mbuni mwezi mzima. Ilipomwachia, miguu yake ilikuwa kama mabua. Mkewe, maskini, akaatamia usiku na mchana.

Jirani yao, Bi Kobe, akaja kumjulia hali.

"Shemeji, homa imekwisha, mwili bado. Kula kidogo kidogo: majani mabichi, tikiti la porini, panzi wawili watatu. Na kila asubuhi tutembee. Ukihema, tunakaa."

Siku ya kwanza wakatembea hadi kichuguu cha karibu. Bi Kobe akaimba:

*Miguu yangu, miguu,*
*jana mlikuwa maji,*
*leo kuweni miti.*

Mbuni akala, akalala vizuri.

Siku ya pili wakafika kichuguu cha mbele. *Miguu yangu, miguu.* Ngiri akawaona, akacheka hadi akakaa chini.

"Ala! Mbuni! Kumbe umehamia ukoo wa kobe? Gamba lako liko wapi?"

"Mwache apayuke," akasema Bi Kobe. Lakini Mbuni hakugusa chakula siku hiyo.

Siku ya tatu Ngiri alikuwa akiwangoja njiani, na wanawe wote.

"Tazameni, wanangu! Yule mkimbiaji niliyewaambia ndiye huyu!"

Mbuni akaona haya, haya kweli kweli, akajiweka tayari kukimbia.

"Shemeji, usikimbie! Hujala tangu jana!"

"Niache, Bi Kobe. Mimi ni mbuni."

Akachomoka mbio. Hatua kumi, ishirini. Moyo ukamdunda, macho yakaingia giza, msuli wa paja ukakatika. Puu! Chini. Akajikokota hadi karibu na kiota.

Siku tatu baadaye, jioni, fisi akaja.

Mbuni alimwona. Akajaribu kuinuka, miguu ikakataa. Mara ya pili, ikakataa. Mara ya tatu akaanguka kifudifudi. Mkewe alipiga mabawa, akapiga kelele, lakini kwa kuatamia siku zote zile nguvu zilikuwa zimemwishia. Mbuni akalala pale pale, akisikia maganda yakipasuka, moja baada ya jingine.

Yakabaki mayai mawili.

"Siku tatu tu," Mbuni akalia. "Ningevumilia siku nyingine tatu tu, nisingelala hapa."

Bi Kobe hakumsuta. Akamletea majani. Paja lilipotulia, wakaanza upya, kichuguu cha karibu. Ngiri alicheka mpaka akachoka. Mbuni akapona kabisa, akakimbia kama zamani.

Makinda mawili yakaanguliwa. Siku moja yakamwuliza, "Baba, mbona akina Twiga wanasema tulikuwa wengi? Wenzetu wako wapi?"

Mbuni, mwenye miguu mizima, hakuwa na pa kukimbilia.

Basi wajukuu zangu, mgonjwa akiinuka kitandani, msimharakishe, wala msimcheke. Mpeni uji, mshikeni mkono, leo hadi mlangoni, kesho hadi uani. Na mgonjwa ukiwa wewe, usiuonee haya mwendo wako.

Hadithi yangu imefika, imeketi. Mwenye masikio ameshiba, mwenye mdomo apumzike.