Ruhusa ya Kwanza Haivushi ya Pili

"Ruhusa ya kwanza haivushi ya pili." Mmeisikia kwa shangazi yenu mkacheka, sasa mnataka chanzo. Haikutoka kwa wahenga. Aliyeianzisha ni mtu wa mtaa huu huu. Sogeeni, aliyekosa kiti akae mkekani.

Kapteni Nassoro Kipingu alikuwa rubani wa kusifika. Siku hiyo abiria wake mmoja alikuwa mkwewe, Bi Mwanakombo, ambaye hakuwa amewahi kupanda ndege. Jamaa walijaa nje ya uwanja na tarumbeta, na Nassoro hakutaka mama akawie.

Uwanja ule una njia mbili za ndege, zimebanana kama nyumba za uswahilini. Ndege hutua kwenye ile ya nje, nyingine huruka kwenye ile ya ndani, na iliyotua lazima ivuke hiyo ya ndani ndipo ifike jengoni. Nassoro alitua vizuri. Waongoza ndege wakamwambia kwa redio atoke njia ya kwanza, asimame kwenye mstari kabla ya njia ya pili. Akaitikia neno kwa neno, lakini mdomo ndio ulioitikia. Moyo ulikuwa kwenye tarumbeta. Siku zote saa ile njia ya pili huwa tupu, nao huvushwa moja kwa moja.

Rubani msaidizi, binti aitwaye Tatu, akaona mstari unapotea chini ya pua ya ndege.

"Kapteni, tumeambiwa tusimame."

"Tumeshatua, mwanangu. Hapa ni uani tu."

Mara wakaiona ndege iliyojaa watu ikija mbio kuruka. Rubani wake alikanyaga breki mpaka matairi yakapasuka. Ilisimama karibu mno, Nassoro akauona uso wa mwenzake.

Hakuumia mtu. Tarumbeta zilirudi kimya, na habari ilifika mtaani kabla ya Nassoro, mnatujua. Akasimamishwa kazi. Alipokwenda kumwomba mkwewe radhi alikaa sakafuni, macho kwenye vidole vya miguu.

"Baba," Bi Mwanakombo akamuuliza, "walikuruhusu kupita?"

Angeweza kuisingizia redio, na mama wa watu asingejua.

"Waliniruhusu kutoka njia ya kwanza, mama. Ya pili nilijiruhusu mwenyewe."

Bi Mwanakombo akajifunika uso kwa kanga. Hakumlaumu, na heri angemlaumu.

Tangu hapo Nassoro akikaribishwa ndani ya nyumba ile, hupita sebuleni, akifika mlango wa pili husimama na kupiga hodi upya. Mashemeji wakimcheka, hujibu bila kuinua macho: "Ruhusa ya kwanza haivushi ya pili."