Uso wa Mboja na Kamba za Mwani

Mwani uking'aa, umekufa. Ndiyo maneno mliyoyasikia juzi, shangazi yenu alipomkuta Nasra na kikopo cha dawa ya kung'arisha uso mbele ya kioo, mkacheka, mkadhani anazungumzia shamba. Sasa mnataka kujua yametoka wapi. Mimi niliambiwa na Bi Time Shaame, mwaka ule alioumwa miguu akawa hashuki tena pwani, nikawa namkanda kila baada ya sala ya adhuhuri. Yeye aliyaona kwa macho yake, na chanzo chake ni hiki.

Alikuwapo mjane mmoja, Mize binti Vuai, mkulima wa mwani. Viganja vyake vilikuwa vimechanjwa na kamba za kufungia mwani, na hakuna aliyeujua mwani kumshinda. Akiushika tu, alijua kama umekula mchanga au umepata joto. Alikuwa na binti mmoja, Mboja, mweusi laini kama kokwa ya stafeli. Mboja alichumbiwa na Ussi, fundi wa baiskeli, aliyemwona siku moja jua la saa sita akifunga mbegu za mwani, maji yamemfika magotini, akarudi kwao akasema mke wake ni yule.

Ndipo akaja dada yake Ussi kutoka mjini, Salhina, kumtazama wifi yake. Akala, akanywa, akasifu nyumba. Kisha akauweka mkono wake kando ya mkono wa Mboja, akasema, "Haya, kaka yangu katuletea mkaa, na sisi siku hizi tunapikia umeme."

Waliokuwepo wakacheka kwa haya. Mboja naye akacheka. Mize hakucheka. Maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Usiku kucha akayakumbuka aliyoyasikia kwa mnunuzi wa mwani: kwamba huko ng'ambo wataalamu hukamua kitu ndani ya mwani, wakakitia kwenye mafuta ya uso, kikapunguza weusi wa ngozi. Mize akajiuliza, mali hii naifunga kwa mikono yangu miaka kumi, kwa nini wafaidi wengine? Mboja alikuwa keshatiwa ndani kama mwari, siku arubaini hatoki nje, anasingwa, yaani anasuguliwa manukato mwilini, asubuhi na jioni. Basi Mize akachagua mwani mzuri, akauanika, akautwanga, akauchanganya na singo na mafuta ya nazi, akampaka. Ngozi ikawa laini kweli, lakini weusi ukabaki pale pale. Siku nazo zikawa zinapungua.

Mwaka ule bahari ilipata joto, na mwani ukaanza kuugua. Matawi meusi hupauka, yakawa meupe kama uzi, na kila mkulima huyakata akayatupa mbali, maana ugonjwa ule hutambaa kamba nzima. Mize mwenyewe ndiye aliyewafundisha wenzake kuyatupa. Lakini safari hii aliyakusanya ndani ya kanga. Aliona, weupe si ndio huu hapa? Ukitwangwa utakwenda wapi, kama si usoni? Bi Time, aliyekuwa na kamba zake jirani, akamwuliza yale ya nini. Akajibiwa ni ya mbolea.

Salhina naye akaleta kikopo cha dawa kisicho na jina, akasema kitiwe kijiko kimoja humo humo, mambo yatakwenda mbio. Mize akatia kimoja. Alipoona kimya siku mbili, akatia viwili.

Siku ya nane ya dawa ile Mboja akaanza kubadilika. Majirani waliokuja kumtazama mwari wakapiga vigelegele, wakasema Mboja kang'aa, Mboja si yule. Mize akasahau dunia. Bamvua zima, siku za maji makubwa, likapita, maji yakakupwa na kujaa, na yeye hakushuka shambani. Kazi yake ilikuwa kutwanga na kupaka. Mboja akalalamika kwamba uso unamwaka. Akaambiwa avumilie, zimebaki siku sita tu.

Asubuhi moja Bi Time akasimama mlangoni, nguo zimemlowa hadi kiunoni.

"Mize mwanangu, njoo ulitazame shamba lako."

"Lina nini?"

"Limeng'aa."

Wakashuka pamoja. Kamba baada ya kamba, mwani ulikuwa mweupe wote, na jua lilivyoupiga ungedhani mtu kaanika lulu. Ulipendeza kwa macho. Mize akainama akashika tawi. Hakulivuta, liliachia lenyewe, likabaki kiganjani, laini, lina harufu. Akashika jengine, nalo likaachia. Akasimama ndani ya maji, kiganja kiko wazi, akikitazama.

"Mboja," akasema.

Alirudi bila viatu, Bi Time nyuma yake. Akaingia chumba cha mwari, akafungua dirisha. Mwanga ulipomgusa, Mboja akajifunika uso kwa mikono. Mize akachovya kitambaa, akaanza kumfuta ile dawa, pole pole. Penye shavu ngozi ikaachia, ikabaki kwenye kitambaa, nyembamba kama ganda la kitunguu.

"Mama, si nimeng'aa?" Mboja akauliza. "Wote wanasema nimeng'aa."

"Mwani uking'aa, mwanangu, umekufa," Mize akasema. "Nalijua hilo miaka kumi. Nalijua, na bado nikakupaka."

Bi Time aliyasikia akiwa mlangoni, na yeye ndiye aliyeyatoa nje yakazagaa.

Hospitali walimpa Mboja dawa ya kupaka, wakamwambia akae mbali na jua, hawakusema mpaka lini. Arusi ikaahirishwa. Ussi akaja, akakaa barazani na mikono yake ya grisi, lakini Mboja akakataa kuonekana.

"Mimi nilimtaka yule niliyemwona kwenye kamba," Ussi akamwambia Mize. "Nani aliyewaambia nataka mwengine?"

Ussi akarudi mara ya pili, na ya tatu. Kisha akaacha kuja.

Siku aliyomaliza kuzing'oa kamba tupu, Mize alirudi mchana. Chumba kilikuwa na giza, dirisha limezibwa kwa magunia ya kutilia mwani. Akakaa chini kando ya kitanda, akachukua kipepeo cha ukindu, akaanza kumpepea mwanawe, maana uso ulikuwa bado unamwaka, na bila upepo hapati usingizi.

"Umebaki hata mche mmoja?" Mboja akauliza.

"Umebaki. Mwisho kabisa, penye kina. Nimeufunga upya."

"Mweusi?"

"Mweusi."

Mboja akageukia ukutani, akalala. Mize akaendelea kumpepea. Nje walipita wanawake wakitoka pwani, na mmoja alikuwa anawaambia wenzake maneno ambayo mpaka leo tunaambiana: mwani uking'aa, umekufa. Mize aliyasikia, asiinue kichwa. Mkono ukazidi kuwa mzito, kipepeo kikamwanguka, naye akalala vile vile alivyokaa, paji la uso juu ya ukingo wa kitanda.