Chini ya Kiti cha Babu

Asubuhi hiyo Valary alikuwa amechuchumaa nyuma ya jiko, akishindilia unga wa mbao na gundi kwenye ufa kama mtu anayeziba mdomo wa shahidi. Kiti cha miguu minne alichokuwa amekibana kwa magoti kiling'aa vizuri juzi tu. Leo kilikuwa kimepasuka kutoka katikati hadi ukingoni, kama kisigino chenye magaga. Na hicho kilikuwa cha pili. Cha kwanza kilikwisha kuwa kuni, kikachemsha chai.

"Unakiwekea dawa?" aliuliza Dani Filister, nyanya yake, akipita na ungo wa dagaa wa omena. "Kidonda ya mti haiponi hivyo, nyakwara, mjukuu wangu."

Valary akajifanya hamnazo.

Mwanzoni mwa muhula huo, Mwalimu Maranga alikuwa amewapa kazi ya maonyesho ya Homa Bay. Wanafunzi wawili wawili watafute kitu cha kale cha kuchongwa, wakichunguze mpaka wajue wazee walikitengenezaje, kisha wachonge kingine kwa njia hiyo hiyo. Valary alipangwa na Gordon. Hapo shuleni Karungu hakukuwa na jozi iliyobahatika kuliko wao. Dani alikuwa na kiti cha marehemu mumewe, kilichochongwa kwa gogo moja kabla yeye hajaolewa, na hakikuwa na ufa hata wa kupitisha unywele. Gordon naye alikuwa mtoto wa fundi wa mashua. Tezo la kuchongea lilimtii kama mbwa anavyomtii mwenyewe.

Shida ilianza siku walipokwenda kukitazama, na wenzao kadhaa wakawafuata. Gordon alipapasa pale juu, peusi, panapoteleza kama sabuni iliyolowa.

"Hapa mzee alishasugua na matako yake, Val. Hakuna kitu tutaona. Tucheki chini."

Lakini katika boma lile kiti cha mzee hakikupinduliwa. Kukipindua kulikuwa sawa na kumwambia mwenyewe afungashe aende. Basi Gordon akalala kifudifudi, shavu sakafuni, akachungulia huku kuku wa dani wakimrukaruka miguuni. Wenzao wakaanza kucheka. Valary, asiyependa kuchekwa, akaona bora acheke kwanza.

"Amka, bwana! Unatafuta makombo na kuku wenzako?"

Kufikia Jumatatu shule nzima ilimwita Gordon Kuku. Yeye akashika tezo. Alichonga kama Valary alivyoamuru: gogo zima la mviringo, limesimama wima, kwa sababu hivyo ndivyo lilivyofanana na kiti tangu mwanzo. Kilipopasuka, Valary alisimama mbele ya darasa akamwambia mwalimu kwamba mkono wa Gordon ni mzito. Kesho yake dawati la Gordon likawa tupu. Ikasemekana yuko kwenye machimbo ya Macalder kwa mjomba wake, anakoroga matope akitafuta dhahabu, na kwamba shule ameshiba.

Cha pili Valary alikichonga peke yake kwa tezo la kuazima, akajikata vidole, na sasa hiki nacho! Alipokirudia baada ya chai, gundi ilikuwa imekauka na kudondoka, na ufa ulimkenulia meno.

Akatupa kopo la gundi, akaingia mbio nyumbani kwa dani, akashika kiti cha babu kwa mguu.

"We! Hiyo kiti haipinduliwi!"

"Dani, nataka tu kuona chini."

"Basi inama. Yule kijana yako alilala hapo bila kuambiwa mara mbili. Ama wewe shingo yako ni ya twiga?"

Valary akasitasita. Akatazama mlango, hakuna mtu. Akalala, shavu likagusa sakafu iliyosiribwa kwa samadi, akamulika kwa simu ya dani.

Huko chini hakuna aliyewahi kukaa. Alama za tezo zilikuwa bado zimepangana, ndogo ndogo, kama magamba ya samaki ngege. Nyuzi za mbao zilitoka upande mmoja zikaenda wa pili, na pete za mti zilijipinda kama viwimbi vya jiwe lililotupwa majini vilivyofika ufukweni, lakini pale jiwe lilipoangukia hapakuonekana. Alitafuta kiini cha mti kila pembe. Hakikuwepo. Fundi alipasua gogo kwanza, akakitoa kiini, kisha akalaza kipande kilichobaki na kuchonga. Viti vyake yeye vilikuwa na kiini katikati kabisa, na ufa ulianzia hapo hapo.

"Dani," alisema bado yuko chini, "Gordon aliona hii?"

"Siku ile ile. Alisema, 'Dani, huyu fundi alitupa moyo ya mti.' Nikamwambia akuambie. Akasema Val hasikii kuku."

Valary akaketi pale pale sakafuni, vumbi shavuni, akaanza ujumbe kwa Gordon. Akaandika:

"Gordon, ni Val, hii simu ni ya dani. Nimelala chini ya kiti. Moyo haupo, ulikuwa sahihi. Kesho nitasema mbele ya darasa kwamba mkono mzito ulikuwa wangu, uje usije. Gogo lililobaki bado liko kwenu. Rudi tupasue pamoja. Hata uniite kuku."

Tiki zikawa mbili. Zikageuka buluu. Valary akatoka hadi jikoni, akarudi, akakaa, akainuka, akaenda tena hadi langoni na simu mkononi.

"Amejibu?" dani aliuliza.

"Amesoma tu."

"Si wewe pia ulikaa na shingo juu muhula mzima? Wacha na yeye akae kidogo."

Jua likahama ukutani. Simu ikabaki kimya kama jiwe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na akishainama asiulize atainuka lini.