Nyumba ya Mnadani

Mtaa usiokuuliza hautakulilia. Mmeyasikia maneno haya leo kwenye mkutano wa mtaa, mwenyekiti alipokuwa akiwakanya wanaojifungia ndani, na njiani mkaniuliza yametoka wapi. Wengi hudhani ni ya kale sana. Si ya kale hivyo. Baadhi ya waliokuwapo yaliposemwa bado wako hai, na aliyeyasema alikuwa mama mmoja aliyetafuta nyumba hadi akachanganyikiwa. Mambo yalikwenda hivi.

Mama huyo aliitwa Atuganile, ingawa watu walizoea kumwita Mama Tusekile kwa jina la binti yake. Alikuwa mjane, mshonaji wa sare za shule, na nyumba yake ilikuwa Tukuyu, kando ya barabara kuu. Barabara ilipopanuliwa, nyumba ikabomolewa, naye akalipwa fidia. Wakati huohuo Tusekile akachaguliwa kujiunga na chuo kikuu katika mji mwingine, mji wa baridi uliokaa juu ya milima. Mama akawaza kwamba fidia ikikaa mkononi italiwa, na mtoto akipanga chumba, kodi haitaisha. Heri anunue nyumba karibu na chuo, ahamie huko na cherehani yake, mtoto asome akitokea nyumbani. Fidia ile ndiyo iliyokuwa mali yake yote. Akikosea kununua, hakuwa na pa kurudi.

Tena lilikuwapo jambo jingine lililomnyima raha. Tusekile, tangu utotoni, alikuwa haoni vizuri giza likianza kuingia. Vipindi vingine vya chuo vilimalizika magharibi. Kwa hiyo mama hakutafuta nyumba tu. Alitafuta njia ambayo binti yake angeipita jioni na kufika salama.

Alifikia kwa kaka yake, Asajile, mhasibu mstaafu aliyekuwa ameishi katika mji ule miaka mingi. Kaka hakuwa na maneno mengi. Alimwambia anunue Mwangaza, mtaa aliokuwa akiishi yeye mwenyewe, wenye kuta ndefu, mageti ya chuma na barabara iliyonyooka. Akamwonya asithubutu kutia mguu Mnadani, ule mtaa wa bondeni nyuma ya chuo. Zamani palikuwa na mnada wa ng'ombe, akasema, na ng'ombe walipoondoka wezi wao walibaki.

Mama Tusekile akaridhika kwa siku moja. Kesho yake alikwenda duka la dawa, akamwuliza muuzaji kuhusu Mwangaza, na yule bwana akamwambia kwamba huko ndiko alikoibiwa pikipiki. Kanisani mama mmoja wa kwaya akamwambia anaishi Mnadani na hajawahi kupoteza hata ndoo. Rafiki za Tusekile wakasema Mnadani kuna vilabu vya pombe na kelele. Muuza vitambaa sokoni akasema kelele ndiyo salama, ukimya ndio wa kuogopwa. Dalali wake, Burhani, alisema kila mtaa ni mzuri, mradi ulikuwa na nyumba aliyotumwa kuiuza.

Kila aliyeulizwa alikuwa na jibu, na kila jibu lilifuta lililotangulia. Mama Tusekile akawa hajui ashike lipi aache lipi. Alikuwa akianza kushona kwa sindano ya mkono akijua mtaa anaoutaka, na kabla upindo haujaisha anautaka mwingine. Mwishowe akaamua kwenda kuona kwa macho yake.

Akaanza na Mnadani, peke yake na kwa miguu. Nyumba iliyokuwa ikiuzwa ilikuwa na vyumba vitatu na bati lililopauka, lakini kuta zake zilikuwa nzima na bei yake ilikuwa nafuu. Angeinunua na kubakiwa na akiba ya kuezeka upya na kufungua duka dogo la kushonea. Geti la nyuma la chuo lilionekana kutoka uani. Shida ni kwamba hakuachwa aitazame kwa amani.

Kwanza bibi mmoja aliyekuwa akichambua maharage barazani, aitwaye Bibi Vumilia, alimwuliza anatoka wapi, ni mgeni wa nani, na ana watoto wangapi. Hatua chache mbele, kinyozi akaacha kichwa cha mteja nusu, akatoka nje kumwuliza anamtafuta nani. Alipokuwa akichungulia dirisha la ile nyumba, akasikia mtu akikohoa nyuma yake. Alikuwa mjumbe wa mtaa, Mzee Kastuli, ambaye kumbe alikuwa akimfuata tangu kwa kinyozi. Naye akamwuliza yaleyale, mpaka jina la binti, anachosomea na afya yake.

Mama Tusekile alimjibu yote, ila uvumilivu ulimwishia.

"Baba, kwani mimi nafanana na mwizi?"

"Sijui, mama," mzee akamjibu kwa upole. "Ndiyo maana nauliza."

Aliondoka pale amenuna. Alijiambia kwamba kaka alikuwa amesema kweli. Watu wanaomdhania mgeni mwizi, akawaza, bila shaka wamewazoea wezi.

Siku iliyofuata akaenda Mwangaza. Nyumba ya huko ilikuwa na sakafu ya vigae na ukuta mrefu, na bei yake ingemaliza fidia yote. Alifika asubuhi kabla ya Burhani, akatembea barabara nzima bila mtu kumtazama. Hakuna aliyemwuliza lolote. Baada ya karaha ya jana, ukimya ule ulimpendeza.

Kwenye geti lililopakana na nyumba ile alikuta gari dogo la mizigo, na vijana watatu waliovaa ovaroli wakipakia makochi na friji. Upepo ulikuwa ukilirudisha geti kila walipopita. Mmoja wao akamwamkia vizuri, akamwomba awashikie geti. Mama Tusekile akalishika. Walipita na kitanda, na meza, na maboksi ya vitabu, naye akawa anawaambia wainamishe huku, wasikwaruze pale. Mtu aliyelelewa vizuri hawezi kukataa kusaidia watu wanaohama. Na kwa kuwa swali lake lilikuwa halijapata wa kulijibu, akamwuliza yule kijana kama mtaa ule ni salama.

"Mtaa mzuri sana huu, mama," kijana akasema akifunga kamba. "Tangu tumefika, hakuna mtu aliyetuuliza kitu."

Maneno yale yalimtuliza moyo. Burhani alipofika, alimkuta ameshakata shauri. Wakakubaliana kwamba kesho atakuja na kaka yake walipe.

Kesho yake walikuja watatu, Mama Tusekile, Asajile na Burhani. Geti la jirani lilikuwa wazi, na ndani yake mwanamke wa makamo alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango, mkoba wa safari miguuni pake. Nyuma yake sebule ilikuwa tupu. Jina lake, walilolijua baadaye, lilikuwa Dokta Nyamizi, mwalimu wa chuo. Alikuwa amekwenda kumzika mama yake mzazi, na ndio kwanza amerudi. Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akilia kimyakimya, kama mtu asiyetegemea kusikiwa.

Bwana wa nyumba ya ng'ambo alikuwa amesimama kwenye geti lake, nusu ndani nusu nje. Asajile alipomwuliza, alisema aliliona gari, akadhani jirani anahama. Ameishi naye mkabala miaka minne, lakini hakuwa na namba yake ya simu, wala hakujua jina lake, wala kwamba amefiwa.

Mama Tusekile akaanza kulielekea lile geti lililo wazi. Asajile alimvuta kanga, akamnong'oneza kwamba mambo haya hayawahusu. Yeye akaenda, akachuchumaa mbele ya yule mwanamke.

"Mwanangu," akasema, "geti lako nililishika mimi."

Dokta Nyamizi alimtazama asielewe.

"Niliwaona. Nikawashikia geti wakapita na kitanda chako. Nikadhani wanahama. Sikuwauliza hata mwenye nyumba ni nani."

Yule mwanamke akafuta uso kwa kiganja. Kisha akauliza jambo moja tu, kama walipita pia na kijisanduku cha bati chenye kanga za marehemu mama yake. Mama Tusekile alijaribu kukumbuka, akashindwa. Kati ya vitu vyote alivyoviona vikitoka, hicho hakujua kama alikiona. Akakaa naye chini, wakalia wote wawili, na yule bwana wa ng'ambo akafunga geti lake taratibu.

Siku ile nyumba haikulipiwa. Mama Tusekile alifuatana na Dokta Nyamizi polisi, akaeleza sura za wale vijana kadiri alivyoweza. Vitu havikupatikana.

Sasa ndipo alipochanganyikiwa kwelikweli. Mtaa uliosifiwa, ameuona ukiibiwa mchana kweupe na mikono yake ikisaidia. Mtaa uliotukanwa, umemdhania mwizi. Hakujua tena usalama una sura gani, autazame ukuta au awatazame watu. Asajile alisisitiza kwamba bahati mbaya moja haifanyi mtaa kuwa mbaya. Burhani alikuja na mtaa wa tatu. Tusekile akamwambia mama yake wapange tu chumba wasahau habari ya nyumba. Mama aliwasikiliza wote, na usiku hakuwa na wa kumwuliza.

Asubuhi moja akajikuta anashuka tena Mnadani. Hakujua anakwenda kutafuta nini. Bibi Vumilia alikuwa palepale barazani, na alipomwona tu akasogeza ungo wake.

"Mama wa Tukuyu, umerudi? Na yule binti wa ualimu, macho yake hayajapata miwani?"

Mama Tusekile alisimama kama aliyepigwa na baridi. Habari za macho alimwambia Mzee Kastuli, si bibi huyu. Walikuwa wamesimuliana. Alikuwa amepita mle mara moja, tena kwa hasira, na kumbe wakati yeye akiwasahau, wao walikuwa na binti yake midomoni. Akaketi barazani, akaanza kuchambua maharage. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameambiwa nani mlevi na nani mwongo, kijana gani si wa kuaminika, na mama gani huwasubiri wasichana wa chuo kwenye kona jioni akiuza uji.

Aliinunua nyumba ile. Lakini msidhani aliinunua akiwa na uhakika. Alitia saini bila kujua kama anafanya la busara au ameponzwa na uchungu wa Mwangaza. Asajile alikasirika, akasema dada yake amenunua mahali pa kuzikia fidia. Hata hivyo hakumtupa. Ndiye aliyekwenda kuileta mizigo iliyowekwa kwa majirani kule Tukuyu kwa gari la kukodi, wakati dada akipiga deki.

Siku ya kuhamia, gari halikufika. Mama Tusekile alisubiri hadi mchana, akitoka nje kutazama njia. Mara akaja mtoto wa kinyozi mbio, akamwambia kuna mzee amekamatwa kule kwenye kona na vitu vyake.

Alikuta gari limezungukwa. Mzee Kastuli alikuwa amesimama mbele yake, mikono nyuma. Bibi Vumilia alikuwa amekalia bomba la maji kando ya njia, ungo mapajani. Asajile, na tai yake shingoni, alikuwa akifoka mpaka jasho linamtoka. Alikuwa amesema yeye ni kaka wa mwenye vitu, na wao wakamjibu kwamba mwenye vitu wanamjua, yeye hawamjui, basi angoje aje amtambue.

"Waambie!" Asajile akamwambia dada yake. "Mimi mtu mzima nasimamishwa njiani nahojiwa. Hii ndiyo heshima ya mtaa wako?"

Mama Tusekile alitazama kitanda chake juu ya gari, na cherehani yake imefungwa kamba, na watu wale waliosimama kuvizuia visipite. Machozi yakamtoka huku anacheka, na hakujua lipi ni lipi.

"Kaka," akasema, "kule kwenu Dokta alilia peke yake. Mtaa usiokuuliza hautakulilia."

Asajile akailegeza tai yake. Mzee Kastuli akampa mkono, akamwomba radhi, kisha akamwuliza yeye ni mtoto wa ngapi kwao. Na safari hii Asajile alimjibu.

Wakashusha vitu pamoja. Jua lilipoanza kushuka Asajile aliaga, akarudi Mwangaza. Wanaosimulia husema kwamba alipofika hakuingia kwake. Alisimama mbele ya geti la jirani wake wa mkabala, geti alilolitazama kila asubuhi tangu alipohamia, akainua mkono abishe. Akabaki ameuinua hivyo, kwa sababu hakujua aite jina gani. Halafu akabisha hodi.

Hilo ndilo mliloniuliza. Mtaa usiokuuliza hautakulilia.