Mstari Mmoja, Majina Matatu

Tegeni sikio, maana shauri hili sitalimaliza mimi. Lina watu wanne na karatasi moja, na kwenye karatasi hiyo kuna mstari mmoja wa kuandika jina.

Wa kwanza ni Koplo mstaafu Gaudensi Kapinga. Alichokuwa nacho ni miaka ishirini na miwili ya jeshi. Wa pili ni Tekla Haule, fundi cherehani ambaye mshono wake hauachii. Wa tatu ni Osmundi Ndunguru, aliyekuwa karani wa mahakama, mtu wa kufuatilia faili mpaka lipatikane. Wa nne ni Bibiana, mke wa Koplo, aliyekuwa na chumba cha mashine ya kusaga karibu na soko.

Katika nchi ya hadithi hii, serikali ilitenga sehemu ya zabuni zake kwa kampuni ndogo za askari wastaafu. Kanuni ilikuwa kali, kwa kuwa wajanja walizoea kujificha nyuma ya jina la askari. Askari amiliki zaidi ya nusu ya kampuni. Aiongoze mwenyewe, kila siku, pale pale kazini. Akitimiza hayo anapewa cheti. Hospitali ya wilaya ilikuwa inatafuta wa kuishonea mashuka, na wanne hawa wakaitaka kazi hiyo.

Kwanza, ithibitishwe kwamba Koplo alikuwa askari. Kitabu chake cha kustaafu kilikuwa kimeliwa na mchwa, limebaki jalada.

"Bila karatasi wewe ni mzee tu mwenye kofia ya kijani," Osmundi alimwambia, wakacheka wote.

Osmundi akapanda basi kwenda makao makuu. Alikaa kwenye benchi la masjala siku kumi na moja, kila siku akiambiwa rudi kesho. Siku ya kumi na mbili alipewa nakala yenye namba ya jeshi ya Koplo na mhuri juu yake. Bila Osmundi, kusingekuwa na cheti.

Pili, sampuli. Hospitali ilitaka shuka moja kutoka kwa kila mwombaji, ilichemshe mara thelathini kwenye pipa lake la kufulia. Tekla alishona, akatazama, akafumua. Akashona tena, akafumua. "Hili ni la mgonjwa, si la kutandika sebuleni," alisema. Mashuka ya wengine yalitoka pindo zikining'inia. La Tekla lilitoka kama lilivyoingia. Bila Tekla, kusingekuwa na zabuni.

Tatu, mahali. Mkaguzi alitaka karakana ya kudumu, kwa jina la kampuni. Bibiana aliachiwa chumba kile na mama yake, na kwa miaka tisa wanawake wa mtaa walimpelekea mahindi.

"Baba Renatusi, mashine inatoka kesho, chumba kiandikwe kwa jina la kampuni," alimwambia mumewe. Siku iliyofuata alisimama kando ya barabara mpaka gari lililoibeba likakata kona. Bila Bibiana, kusingekuwa na karakana.

Miaka miwili kazi ilienda. Wakaajiriwa washonaji kumi na mmoja. Koplo aliweka sheria moja tu: ndani ya karakana hakuna cheo. "Vyeo nimeviacha getini kwa jeshi," alisema. Mchana walikula sinia moja, na aliyewahi kunawa ndiye aliyeanza. Watu waliendelea kumwita Koplo, naye hakuwakataza.

Kisha kiharusi kikamwangusha akiwa anafunga robota la mashuka. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vikalala. Akili ilibaki, na ulimi, ingawa wa polepole.

Baada ya wiki tatu barua ikaja, na ndani yake fomu yenye mstari mmoja wa jina. Kwa kuwa mwenye cheti hawezi tena kuongoza kila siku, anaruhusiwa kumkabidhi mtu mmoja, hata asiye askari, nafasi yake na hisa zake. Mtu huyo ndiye atakuwa mwenye kampuni, na cheti kitaendelea kwa jina lake. Siku thelathini zikipita bila jina, cheti kinakufa, na mashuka ya hospitali yanatangazwa upya.

Walikuja mmoja mmoja.

"Koplo, siombi ukubwa," Tekla alisema. "Ila Osmundi hajui shuka lina upande gani wa juu. Siku akinipangia kazi, nafunga cherehani yangu na kuondoka."

"Wewe na Osmundi mmekula pamoja miaka miwili, Tekla."

"Kula tumekula. Kuamriwa ni jambo lingine."

Osmundi alikuja na faili kwapani. "Shikamoo, Koplo."

"Marahaba. Kaa."

"Sitakaa sana. Tekla ana mkono, nani anabisha? Lakini barua ya serikali anawekea kikombe cha chai. Mpe kampuni, mwezi mmoja tumefungiwa. Nami sitakuwepo kuona."

Bibiana hakuja, kwa kuwa hakuwa ameondoka. Alikuwa anamgeuza kitandani ubavu wa pili. "Usiniandike kwa kunihurumia," alisema. "Lakini siku nitakapobisha hodi kwenye chumba cha mama yangu na bosi mwingine anikaribishe ndani, usiniulize kwa nini sisemi na wewe."

Koplo alilala akitazama dari. Jeshini, koplo akianguka, kila mtu kwenye kikosi alijua nani anashika nafasi yake, hata kabla hajafika chini. Hakuna aliyenuna, kwa sababu ilipangwa siku ya amani. Yeye alikuwa na miaka miwili ya amani, na hakupanga. Hata fomu ya kuombea cheti iliuliza nani atakuwa msaidizi wake. Osmundi alipofika hapo na kalamu, Koplo alimwambia, "Ruka, sijafa."

Siku ya ishirini na nane aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi ndogo ndogo, zikabanana: Osmundi, Tekla, Bibiana. Yote matatu kwenye mstari mmoja. Alipoituma fomu, moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

Siku ya thelathini, Ijumaa, akaitwa. Bibiana alisukuma kiti cha magurudumu mpaka ofisini. Tekla na Osmundi walikuwa wameshafika, wamekaa kwenye benchi la ukumbini, katikati yao nafasi ya watu wawili. Bibiana akarudi ukumbini, akasimama dirishani.

Afisa ununuzi alimrudishia fomu, na nyingine mpya juu yake. "Nafasi ni moja, Koplo."

"Watu ni watatu, binti yangu."

"Naona, baba. Lakini kampuni yenye wakubwa watatu haina wa kuulizwa. Kanuni ndivyo inavyosema." Alitazama saa yake. "Tunafunga saa tisa na nusu. Zimebaki dakika kumi."

"Nisomee hayo majina."

Mlango ulikuwa wazi. Afisa aliposoma, kila jina lilipotajwa mtu mmoja ukumbini aliinua uso, kisha akauinamisha. Koplo aliwaona wote watatu. Akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto.

Hapo ndipo ninapowaachia. Msiniambie aandike yote matatu, hilo alishajaribu. Msiniambie aache wazi, washonaji kumi na mmoja watarudi nyumbani mikono mitupu. Ungekuwa wewe kwenye kiti kile, na kalamu ipo mkononi, ungeandika jina la nani? Na ukishaliandika, ungetoka vipi mlangoni, ukipita mbele ya wale wawili?