Vilemba Viwili vya Sultani Badawi

Hapo zamani, wala si zamani mno kwa kuwa kompyuta zilikuwa zimekwisha kufika, palikuwa na mji uitwao Pwaji, na sultani wake akiitwa Badawi. Sultani huyu alikuwa na vilemba viwili. Akivaa cheupe alikuwa kadhi, akivaa cha kijani alikuwa mfugaji wa tausi, na desturi ya mji ilikataza kabisa neno la kilemba kimoja kutajwa mbele ya kilemba cha pili, hata kama uso chini yake ni ule ule, na chunjua puani ni ile ile. Mgeni mmoja aliwahi kucheka, akafungwa siku tatu.

Taabu ikaanzia kwenye kompyuta. Vilemba vilikuwa viwili, lakini kivinjari kilikuwa kimoja, na mambo yote yakachanganyika humo. Sultani yu barazani anahukumu, mara kioo kinamfungulia picha za tausi wa ng'ambo. Akimwandikia muuza pumba za tausi, barua inatoka kwa jina la kadhi, na maskini yule alipouona muhuri wa baraza akauhama mji na watoto wake.

Basi akaitwa Vuai, kapuku asiye na kitu duniani ila akili na kibanda alichoachiwa na marehemu mama yake, nyuma ya ukuta wa kasri. Na kibanda chenyewe kilikuwa hatarini, kwa maana kilemba cha kijani kilikwisha kuamuru kibomolewe Ijumaa, tausi wapate mahali pa kutandaza mikia. Vuai hakuwa na pengine pa kwenda, na jambo hilo lilimuuma sana.

Sultani, akiwa na kilemba cheupe, akasema, "Ewe Vuai, nataka kila kilemba kiwe na mlango wake humu ndani. Niguse mara moja niingie kwangu, na kilemba kimoja kisiyachungulie ya mwenzake. Ukishindwa, makao yako ni gerezani. Ukiweza, omba utakalo."

"Maulana, nikiweza, kibanda changu kisibomolewe."

"Habari za kibanda mimi sizijui. Hizo ni za mfugaji. Omba jambo la kadhi."

Vuai akafikiri, kisha akaomba kwamba akiwa na kesi isikilizwe kwa sheria ya baraza, kama kesi ya mtu mwingine yeyote. Sultani akaona ombi dogo, akaapa mbele ya waziri.

Basi Vuai akaketi. Akafungua wasifu mmoja ndani ya kivinjari akauita Kadhi, akafungua wa pili akauita Mfugaji, kila mmoja na barua zake, nywila zake na rangi yake. Kisha akaingia kwenye mipangilio, akaagiza kila wasifu uwekewe njia yake ya mkato kwenye uso wa kompyuta. Vikatokea vipicha viwili, cheupe na cha kijani. Sultani akabofya hiki, akabofya kile, akafurahi kama mtoto aliyepewa embe.

Hazikupita saa mbili, kadhi akapata barua mpya. Mlalamikaji ni Vuai, mshtakiwa ni mfugaji wa tausi, shauri ni kibanda. Kadhi akamwandikia mfugaji afike barazani Alhamisi. Akavua cheupe, akavaa cha kijani, akabofya, akaisoma barua, akapandwa na hasira. Akajibu kwamba yeye haitwi na mtu. Akavaa cheupe, akaisoma jeuri hiyo, akatishia kumfunga. Ikawa hivyo hata jua likachwa, vilemba vikipanda na kushuka, na kichwa cha Sultani kikawa chekundu kwa kusuguliwa.

Alhamisi watu wakajaa. Sheria ya baraza ilikuwa kwamba mshtakiwa asiyefika kabla ya adhuhuri ameshindwa. Kadhi akaketi, mshtakiwa akaitwa. Sultani akatoka mbio, akarudi na kilemba cha kijani.

Vuai akamsalimu kwa adabu, akamwambia, "Bwana mfugaji, umechelewa kidogo. Kadhi ametoka sasa hivi, tumsubiri."

Sultani akatoka tena, akarudi na cheupe, na mfugaji hayupo. Akaenda, akarudi, akaenda, akarudi. Waziri alitazama sakafu muda wote huo, akiuma ndevu. Adhana ilipolia, aliyekuwa kitini ni kadhi, anahema, na kiapo kilikuwa kimemfunga. Akaandika hukumu kwamba kibanda ni cha Vuai.

Kisha akaingia ndani, akavaa cha kijani, akabofya, akaisoma hukumu, akatoka kwa uchungu.

"Waziri," akasema, "nimedhulumiwa. Nataka kukata rufaa. Rufaa hupelekwa kwa nani?"

Waziri akainama. "Kwa kadhi, Maulana."

Sultani akaanza kutikisika mabega, kisha tumbo, mpaka kilemba kikamwanguka, naye akacheka kichwa wazi mbele ya watu wote, na mji mzima, uliojizuia miaka kumi na sita, ukacheka naye. Ijumaa ilipofika hakuna aliyekuja na nyundo, na Vuai akafagia uwanja wa mama yake.