Njia ya Farasi wa Bwana Mshana

Barazani walikuwapo watu hawa. Mwenyekiti wa kijiji, Yoeli Mgonja. Bwana Eliapenda Mshana, mwenye farasi sita. Na Ndekirwa Mbwambo, mchukuzi wa tangawizi, pamoja na wenzake wa baiskeli.

"Baiskeli zinawatisha farasi wangu," alisema Bwana Mshana. "Njia ya mlimani iwe yangu."

"Na tangawizi tuishusheje sokoni?" waliuliza wachukuzi.

Ndekirwa aliwanyamazisha. "Mpeni mzee njia. Ila iandikwe kwamba mtumiaji ni yeye peke yake."

"Peke yangu kabisa!" alisema Bwana Mshana, akatia sahihi.

Jumamosi ilikuwa siku ya msaragambo, ambapo kila njia hutengenezwa na wanaoitumia. Ndekirwa alimpelekea jembe moja.

"Shikamoo, mzee. Mvua imeibomoa njia yako kilomita tano."

"Marahaba. Watu wako wapi?"

"Watumiaji wote nimewaita. Ni wewe."

"Nisipokwenda?"

"Mtoro hutozwa mnyama mmoja kila Jumamosi. Nasikia zizini una farasi tu."

Bwana Mshana aliichana karatasi. "Piteni wote! Lakini leo mje na majembe."

Walikuja, na njia iko wazi mpaka sasa. Tumekikumbuka kisa hiki kwa kuwa Ndekirwa Mbwambo alifariki Alhamisi iliyopita.